Bastola Isiyoimbwa: Silaha Ndogo, Milima ya Uluguru na Ushairi wa Kiswahili

Ushairi wa Kiswahili umeijua bunduki kwa muda mrefu, na umeijua vizuri. Watunzi wa tenzi za vita za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walizitaja silaha za moto kwa majina yake, kwa milio yake na kwa moshi wake, wala hawakuwa na haja ya kumfafanulia msikilizaji. Mzinga una makao yake katika tenzi hizo, na bunduki ina makao yake. Bastola imebaki mlangoni. Neno lenyewe ni la siku nyingi katika lugha, na kitu chenyewe kilikuwako pwani tangu enzi za masultani, lakini hakuna utenzi mashuhuri wa vita uliosimama kuitazama silaha hii ya mfukoni kama tenzi zinavyoutazama upanga, farasi au jahazi.

Suala hili huenda likaonekana dogo kama silaha yenyewe. Lakini likipelekwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, udogo wake hupungua. Wasomaji wa pwani wanaujua mji huo zaidi kwa magitaa ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe kuliko kwa silaha, na hiyo ni heshima kwa Morogoro. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja silaha za moto za kila aina zimepita hapo au zimeweka makao: gobole la muwindaji wa mlimani, majeshi ya mwaka 1916, bunduki ya polisi wa kikoloni, kiwanda cha Shirika la Mzinga, wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Fasihi ya Kiswahili imezisimulia chache katika hizo, na iliposimulia ilichagua zile kubwa. Uchaguzi huo umekuwa na gharama. Na jicho linaloweza kuionesha gharama yenyewe linapatikana pahala ambapo wapenzi wa ushairi hawana kawaida ya kupatazama, yaani kwa mkusanyaji wa bastola kuukuu.

Kwanza maneno. Kamusi za kale, za kina Krapf na Madan na Sacleux, zinaonesha lugha iliyoijua bunduki kiungo kwa kiungo, kama mvuvi anavyoijua ngalawa yake. Kasiba ni mwanzi wa chuma unaopita risasi. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Gumegume ni jiwe la kutoa cheche, na bunduki ya gumegume ni ile inayowashwa kwa jiwe hilo. Ilipokuja fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, ikawako bunduki ya fataki. Na ilipokuja risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya ganda moja, ganda hilo likaitwa kiasi, kwa kuwa limebeba kipimo cha shindilio moja. Marisawa ni chembe za kupigia ndege. Neno bunduki lilitoka Kiarabuni, na Waarabu wanauita mji wa Venice kwa jina linalofanana nalo mno, Al-Bunduqiyya, ingawa wapo wanaolirejesha neno hilo kwenye kokwa ya mti. Mzinga, kwa upande wake, ni silaha na pia ni nyumba ya nyuki. Mtu wa bara akilisikia huenda akaona asali kabla hajaona moto, na si ajabu ndogo kwamba kiwanda cha silaha cha Morogoro kimebeba jina lenye maana zote mbili.

Bastola haikupata ukoo wa namna hiyo. Ilipokewa kutoka lugha za Ulaya na kuingia katika kamusi kwa mstari mmoja, bila ya wana wala wajukuu. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili fasaha hulazimika kuazima viungo vya bunduki, au kuiacha bila ya viungo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Kitu ambacho lugha haijakigawa vipande, mshairi hupata taabu kukishika.

Utajiri wa maneno ya bunduki haukuja bure. Unguja ilikuwa soko. Katika miaka ya 1880 silaha zilizopita katika bandari zake zilihesabiwa kwa maelfu mengi. Makadirio ya ubalozi wa Uingereza ya mwaka 1888 yalifikia baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya, zikauzwa kwa jumla, zikapanda majahazi, kisha zikapanda mabega ya wapagazi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anahesabu bunduki kama mfanyabiashara anavyohesabu pembe, na jina la Tippu Tip lililomshika wapo wanaosema lilitokana na mlio wa bunduki zake. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kizuizi hicho kilikuwa na tundu. Bunduki za gumegume, zisizo na mifuo ndani ya kasiba, ziliweza kuendelea kuingia kwa masharti, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe iliamua kwamba Mwafrika abaki na silaha ya babu yake, na mtawala aje na ya mwaka ule ule.

Katika milima ya Uluguru uamuzi huo una sura mbili zinazoweza kushikwa kwa mkono. Ya kwanza ni gobole. Gobole hushindiliwa kwa mdomoni kama bunduki za karne ya 19, nalo hutengenezwa na wahunzi kwa vitu vilivyopo: bomba la maji, au mhimili wa usukani wa gari, huwa kasiba, mti wa shambani huwa kitako, kiberiti huweza kuwa dawa ya kuwashia. Lilikuwa silaha ya kulinda mihogo na mahindi dhidi ya nguruwe na nyani, na silaha ya kitoweo. Leo, khasa baada ya misitu ya juu ya Uluguru kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, ni kielelezo cha kosa, na hupigwa picha limelazwa juu ya meza ya polisi. Sura ya pili ni bastola. Hiyo ilikuja na reli, iliyofika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, ndani ya makoti ya maofisa na mabwana shamba. Gobole lilionekana na kusikika, kwa urefu wake na moshi wake. Bastola ilikuwa na sifa moja kubwa: haikuonekana.

Inafaa kuieleza, kwa kuwa fasihi haijaieleza. Bastola ya mfukoni, kwa jinsi wakusanyaji wanavyoielewa, ni kizazi cha miaka maalumu. Kabla yake zilikuwako bastola ndogo za shindilio moja, kama zile za Henry Deringer wa Philadelphia, ambazo moja wapo ilimuua Abraham Lincoln mwaka 1865. Mapinduzi yalikuja pale Mmarekani John Moses Browning alipofanya kazi na kiwanda cha Fabrique Nationale cha Herstal, Ubelgiji. Mwaka 1900 kilitoka chombo cha milimita 7.65, mwaka 1906 kikatoka kidogo zaidi, cha milimita 6.35, chenye urefu wa sentimita 11 na kitu, kinachoweza kukaa katika mfuko wa kizibao bila ya kuuvuta chini. Mauser wa Ujerumani wakaleta mfano wao wa 1910 na mwengine wa 1914. Webley & Scott wa Birmingham nao hawakubaki nyuma.

Ndani yake hamna miujiza. Nguvu ile ile inayoisukuma risasi mbele hulisukuma ganda nyuma, na ganda hukisukuma kipande cha chuma cha juu, ambacho kikirudi hulitupa ganda nje. Springi hukirejesha mbele, nacho kikipita huokota kiasi kipya kutoka kwenye magazini iliyo ndani ya mpini. Yote hayo hupita katika kufumba na kufumbua. Hakuna ndimi ya kufunga, hakuna mtambo mzito. Uzito wa chuma na ubishi wa springi ndio unaozuia mlipuko usimrudie mwenyewe. Ndiyo maana silaha hizi zililazimika kuwa dhaifu. Risasi ya milimita 6.35 haina nguvu ya kusifiwa, na kasiba yake fupi huipunguzia hata ile kidogo iliyo nayo.

Wanaozifyatua leo, katika nchi ambazo sheria inaruhusu burudani hiyo, husimulia mambo yanayofanana. Mpini hutosha vidole viwili, cha tatu kikabaki hewani. Kitundu cha kulengea ni mfuo mdogo usioonekana kwa macho ya mtu mzima. Ukipita umbali wa upana wa chumba, kupata ni bahati. Kipande cha juu kikirudi, kama mkono umeshika juu mno, hukwaruza ngozi iliyo baina ya kidole gumba na cha shahada. Springi ya miaka mia imechoka, basi mwenye busara huweka mpya na kuihifadhi ya zamani ndani ya bahasha yenye namba. Na liko jambo ambalo mtu wa pwani atalifahamu bila ya kuelezwa: dawa ya kuwashia ya viasi vya zamani iliacha chumvi ndani ya kasiba, chumvi ikavuta unyevu, unyevu ukaleta kutu kwa siku moja. Bastola ambayo mwenyewe hakuiosha kwa maji ya moto jioni ile ile bado inaonesha uvivu wake baada ya karne nzima.

Hapa ndipo lilipo jicho lenyewe. Mkusanyaji wa kweli haangalii kwanza kama silaha inalia. Huangalia alama ndogo ya yai yenye herufi na taji, ambayo ofisi ya ukaguzi ya Liège huipiga juu ya chuma. Hulinganisha namba ya kiwiliwili na namba ya kasiba, ajue kama viungo vilizaliwa pamoja au vilioana ukubwani. Huangalia rangi ya kibuluu ilivyofifia pale mfuko wa ngozi uliposugua. Na kosa kubwa kabisa mbele yake ni kuing'arisha. Bastola iliyopakwa rangi mpya ikapendeza imepoteza ushahidi wake, kama diwani ya Muyaka ambayo mhariri ameamua kuisanifisha ili vijana waielewe, akaiondolea Kimvita chake na pumzi yake pamoja. Wahariri wetu wengi wangejifunza adabu kwa watu hawa wa springi na bahasha.

Tanzania haijawa nchi ya burudani hiyo, na si lazima iwe. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, inaitazama kila silaha ya moto kama jukumu la mtu mmoja aliyeruhusiwa, si kama pambo la sebuleni. Suala la makala haya si bastola ngapi ziko katika makabati ya nani. Suala ni namna ya kutazama, na namna hiyo inaweza kufanya kazi kubwa mno katika historia ya Uluguru.

Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alifyatua risasi mbili, akamuua mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, pamoja na mkewe Sophie. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba alitumia Browning ya mfano wa 1900, ya milimita 7.65. Haikuwa hiyo. Ilikuwa ya mfano wa 1910, ya milimita 9 fupi, moja ya nne walizopewa vijana wale, yenye namba 19074. Ilikaa kwa mapadri Wajesuiti kwa karibu miaka 90 kabla ya kukabidhiwa makumbusho ya historia ya kijeshi ya Vienna mwaka 2004. Mwanahistoria wa mambo makubwa atauliza kuna tofauti gani, maana marehemu ni marehemu kwa 7.65 au kwa 9. Tofauti ni kwamba mtu mmoja alisoma namba, na wengine wote walinakiliana.

Kutoka risasi zile mbili hadi Morogoro ni miaka miwili na miezi miwili. Vita vilifika Afrika ya Mashariki mwezi wa Agosti 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka ule wakaazi wa Unguja waliamshwa na mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg ikiizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wao, na tukio hilo halijatoka katika masimulizi ya kisiwani. Königsberg yenyewe ilizamishwa na mabaharia wake katika Rufiji mwezi wa Julai 1915, baada ya kuumizwa na meli za Waingereza. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikawekewa magurudumu, ikakokotwa bara kwa mabega ya watu. Tarehe 26 Agosti 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliingia Morogoro. Lettow-Vorbeck alikuwa ameshaondoka, akirudi kusini kwa njia zinazoizunguka milima, huku wanaomfuata wakijaribu kumzingira kwa pande mbili, Matombo upande mmoja na Mlali upande wa pili, hadi mapigano ya Kisaki mwanzoni mwa Septemba. Askari wengi wa Kijerumani bado walibeba bunduki ya mfano wa 1871, inayotoa moshi mweupe wa baruti ya kale, moshi ambao uliwaonesha walipojificha kabla hawajapiga risasi ya pili.

Huo ndio moshi ambao ushairi unaupenda. Na kwa kweli kila kitu kikubwa cha vita hivyo kimehifadhiwa. Mzinga wa Königsberg unaonekana Mombasa. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 imesimama katikati ya Dar es Salaam, bunduki yake ndefu na singe yake vimeelekea bandarini, na maneno ya Rudyard Kipling chini yake. Morogoro ina makaburi ya vita yaliyopangwa kwa mistari. Lakini mpagazi wa Kiluguru aliyebebeshwa unga wa jeshi moja akapokonywa na jeshi la pili hakuacha mzinga wala singe. Kijiji kilichochukuliwa chakula mara mbili katika msimu mmoja hakina mnara. Alama zilizobaki za watu hao, kama zipo, ni ndogo: kifungo cha koti, ganda la kiasi, sahani ya bati, bastola iliyoanguka mtoni na mwenyewe akaogopa kurudi. Fasihi inayongoja kitu chenye mlio haitawakuta.

Upo ubishi wa haki dhidi ya maneno haya. Utenzi ni sanaa ya hadhara. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alipotunga juu ya kuja kwa Wadachi Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini alipotunga juu ya Maji Maji, walitunga kwa ajili ya masikio ya kaumu nzima, na kilichosikiwa na kaumu nzima kilikuwa mzinga wa manowari na bunduki za kikosi. Bastola hupiga chumbani. Anayeisikia ni mmoja au wawili. Kuitia katika utenzi ni kama kutia mnong'ono katika khutuba. Ubishi huu una nguvu, na unaeleza kwa nini watunzi wale hawana lawama. Haumtoi lawamani mtunzi wa shairi la leo, mwenye utanzu uliozoea fumbo na mambo ya chumbani, ambaye akitaka kutaja vita bado anachukua mzinga wa babu yake kutoka ghalani kana kwamba hakuna silaha nyengine iliyomwaga damu.

Riwaya ilijaribu kuijaza nafasi hiyo, na ikaijaza nusu. Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimpa Willy Gamba bastola pamoja na suti na ndege za usiku, na vijana wa Tanzania na Kenya wakamsoma hadi karatasi zikachanika. Wahakiki waliodharau riwaya hizo kwa kuwa ni fasihi pendwa walikosea. Musiba alikuwa na mwendo ambao wengi wa waliodharau hawakuwa nao. Lakini bastola yake ni ishara ya barabarani. Hutoka, hulia, hurudi mfukoni. Ni mara chache msomaji kuusikia uzito wake, na mara chache zaidi kuuliza ilitoka kwa nani. Mzee wa kisiwani, Muhammed Said Abdulla, alifanya jambo la hila zaidi. Bwana Msa wake, aliyeanza kujulikana kwa Mzimu wa Watu wa Kale, ana udugu ulio wazi na Sherlock Holmes. Holmes ana kiko, na rafiki yake Watson ana bastola ya jeshi mfukoni. Abdulla aliazima kiko na kukifanya alama ya mtu wake. Bastola hakuifanya alama ya mtu yeyote. Katika visa vyake, akili ndiyo inayofyatuliwa. Uchaguzi huo ulikuwa wa mtu aliyejua jamii yake, na umezeeka vizuri kuliko mifyatuo mingi iliyoandikwa baadaye.

Anayetaka kuona silaha ndogo ikitazamwa barabara inampasa asafiri hadi Norway. Katika Hedda Gabler, tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1890, mna jozi ya bastola za marehemu Jenerali Gabler ndani ya kasha lake. Bintiye amezirithi. Huzichezea, hulenga bustanini kwa kuchoka na maisha, humtisha nayo mgeni anayekuja kwa mlango wa nyuma. Moja huitoa kwa mtu mwengine, na nyengine hujimalizia mwenyewe. Ibsen hakuhitaji vita. Alihitaji kasha, na mtu aliyerithi kitu asichojua la kukifanyia. Wakati ule ule Chekhov alikuwa akiwaonya waandishi wasiweke jukwaani bunduki iliyoshindiliwa kama hakuna anayekusudia kuifyatua. Onyo hilo limefundishwa katika madarasa yetu hadi limechakaa, na pengine limedhuru, kwa kuwa limewafanya wanafunzi waamini kwamba silaha isiyolia haina kazi katika hadithi.

Uluguru inajua silaha isiyolia, na inajua pia risasi moja inavyoweza kutosha. Mwezi wa Julai 1955, huko Matombo, ghasia zilizuka dhidi ya amri ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko ya milima. Polisi walifyatua, mtu mmoja akafa, na mradi wenyewe ukaporomoka. Kitabu cha Kiingereza kilichoandikwa na Young na Fosbrooke kuhusu mgogoro huo, kilichotoka mwaka 1960, kilipewa katika toleo moja jina lenye maana ya moshi milimani. Hata wataalamu wa siasa walivutwa na moshi. Risasi ile ilitoka katika bunduki gani, yenye namba gani, ikatolewa ghala lipi: hilo ndilo swali la mkusanyaji, na jibu lake lingemweleza msomaji kuhusu dola ya kikoloni mambo ambayo sura nzima za uchambuzi huyapita.

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, swali hilo lina uchungu zaidi. Chama cha ANC, ambacho kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro mwaka 1969, kilipewa ardhi hapo na serikali ya Tanzania, kikajenga skuli iliyokuja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu. Mwezi wa Juni 1977 Mahlangu alikuwa na wenzake wawili katikati ya Johannesburg, silaha zao zimefichwa ndani ya mabegi, walipogunduliwa; katika mapambano yaliyofuata watu wawili waliuawa. Aliyefyatua ni mwenzake, Mondy Motloung, ambaye alipigwa hadi hakuweza kushitakiwa. Mahlangu, ambaye hakuua, alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979, hajatimiza miaka 23. Skuli ilirejeshwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wanafunzi wanaolipita jina hilo kila asubuhi wanajua ni jina la shujaa. Kwamba ni jina la mtu aliyehukumiwa kwa kifyatulio kilichovutwa na kidole cha mtu mwengine, hilo linangoja mshairi, na mshairi huyo hatahitaji mzinga hata mmoja.

Kuna jambo la mwisho, nalo si la karne iliyopita. Kila inapotangazwa misamaha ya kusalimisha silaha, magobole huletwa, huhesabiwa, hutangazwa kwa jumla yake, kisha njia yake huwa ni kuteketezwa. Kwa usalama wa raia hakuna mwenye akili atakayelipinga zoezi hilo. Lakini kila gobole limetengenezwa na mkono mmoja. Mhunzi wa Uluguru ana namna yake ya kufunga kasiba kwenye kitako, kwa waya, kwa bati au kwa ngozi. Ana pembe anayoipenda ya kulaza mpini. Wengine huchonga mstari au nukta pale kidole kinapokaa. Hiyo ni kazi ya mikono iliyoanzia kwenye bunduki za gumegume zilizopanda milima kutoka soko la Unguja, na inatoweka ikiwa hesabu tupu katika taarifa. Kuchagua gobole moja katika kila rundo, kuliziba kasiba lisilie tena, kuandika kijiji lilikotoka, mwaka lilipotolewa na jinsi lilivyofungwa, kisha kuliweka katika makumbusho, ni kazi ya asubuhi moja kwa karani mmoja mwenye kalamu.